Bibi Sabuni na Mgeni wa Mfuko

Watu wengine wakiingia chumbani hutazama kwanza nani yupo. Bibi Sabuni alitazama pembe. Pembe za sakafu, pembe za dirisha, na ule mwanya nyuma ya mlango ambamo vumbi hujificha likidhani halionekani. Alikuwa amepiga deki korido za hospitali kwa miaka thelathini na miwili, na siku ya kustaafu alikabidhiwa cheti cha shukrani chenye jina la mwenzake. Hakulalamika. Alikifuta vumbi, akakitundika ukutani kwake, na mwenzake naye akatundika cha Bibi Sabuni.

Jina la Sabuni alibandikwa na watoto, kwa sababu harufu ya sabuni ya maji haikumtoka hata baada ya kustaafu. Alilikataa wiki nzima, kisha akajikuta analiitikia.

Na watoto hao ndio habari yenyewe. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, watoto ishirini na wawili wa miaka miwili hadi mitano walimiminika katika chumba kimoja nyuma ya duka la dobi, chumba chenye madirisha mawili, mkeka mkubwa na rafu moja iliyolala upande. Hakupanga kuwa na watoto ishirini na wawili. Mtu mwenye akili timamu hapangi jambo kama hilo. Alikwenda tu kwa dobi kupeleka mapazia, akakuta watoto watatu wa wanawake wanaofua pale wamelala ndani ya vikapu vya mashuka, jua limeshapanda.

“Na hawa mnawafua?” akauliza.

Mama zao wakacheka, halafu mmoja akaacha kucheka. Kesho yake Bibi Sabuni alirudi bila mapazia. Alimwomba dobi kile chumba cha nyuma alimokuwa akirundika pasi mbovu, na dobi, ambaye ni mtu mwema ila hapendi ijulikane, akasema chukua, lakini usinijazie kelele.

Kelele alijaziwa.

Vifaa vilikuwa vile ambavyo mtaa uliweza kuvitupa: vifuniko vya chupa, maboksi ya viatu, na vifungo vikubwa vya makoti ambavyo wateja wa dobi hawakurudi kuvidai. Watoto walivipanga kwa rangi, wakavihesabu, wakavipa majina, wakavioza. Kifungo kimoja cheusi kilikuwa kimeshaoa mara nne. Hakuna aliyemfundisha Bibi Sabuni kazi hii. Aliona tu kwamba mtoto akiulizwa hujibu, na akijibiwa huuliza tena, naye alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kuirudia sakafu ile ile kila siku.

Kilichokipa chumba sifa mtaani, hata hivyo, ni mlango wake. Wazazi wakija kuchukua watoto saa sita na nusu walikuwa na haraka zao. Walimshika mtoto mkono na kumvuta kama mzigo, hata salamu hakuna, na mtoto aliyekuwa akicheka dakika moja iliyopita anaondoka analia. Bibi Sabuni alivumilia mwezi mmoja. Mwezi wa pili alichora mstari wa chaki kizingitini, akatangaza: anayevuka hapa kuja kuchukua mtoto, avuke kama mnyama. Mtoto wake akisie ni mnyama gani, aseme anaishi wapi na anakula nini, na ahesabu ni hatua ngapi. Hiyo ndiyo ruhusa ya kuondoka. Asiyetaka, akae nje amsubiri mtoto akue.

Akina mama walizoea upesi. Akina baba walikuwa mtihani. Mlinzi wa benki ya pale kona, mtu wa miraba minne anayeogopwa hata na wateja wanaokuja na pesa zao wenyewe, alikataa wiki mbili. Alisimama upande wake wa mstari na buti zake, binti yake akasimama upande wa pili na kimkoba chake, wakatazamana mpaka Bibi Sabuni akachoka kuwatazama. Siku moja yule mtoto akamwambia kwa huruma, “Baba, basi kuwa konokono. Konokono ni rahisi.” Mlinzi aligeuka nyuma, akatazama kulia na kushoto kama kazi yake ilivyomfundisha, akapiga magoti. Tangu hapo hakukosa hata siku moja, na wala hakubaki kwenye konokono.

Mambo yalikwenda hivyo miaka mitatu, mpaka dobi aliponunua mashine za kukaushia nguo. Alikuja mwenyewe kusema, kofia mkononi, na haikuwa kawaida yake kuvua kofia. Mashine zinataka chumba. Kama Bibi Sabuni angeweza kulipa kodi kama mpangaji mwingine yeyote, angezitafutia pengine. Kama hawezi, mwisho wa mwezi ujao akiache chumba wazi. Bibi Sabuni hakuwa na uwezo wa kulipia hata dirisha moja la kile chumba. Aliwaona watoto wake ishirini na wawili wakirudi kwenye vikapu, chini ya meza za sokoni, kwenye ngazi za majumba ya watu. “Nimekuelewa, kaka,” akasema, akaenda kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Aliyeleta habari za Mfuko alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee, karani wa ofisi ya maji, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja ambaye hata penseli zake mezani zilipangwa kwa urefu. Alikuwa amesoma tangazo kwamba mfuko mmoja wa hisani unatoa ruzuku kwa vikundi vinavyowasaidia watoto wadogo kujifunza na familia zao kushiriki. Ruzuku ya miaka miwili, kodi ikiwa ndani yake, na msaidizi mmoja juu. Aliandika maombi kwa jioni tatu. Alipomsomea mama yake, Bibi Sabuni aliuliza kama kweli ni chumba hiki hiki. Harusi za vifungo zilikuwa zimegeuka “uchangamshi wa awali wa stadi za kuhesabu.” Konokono wa benki alikuwa “ushirikishwaji endelevu wa familia.”

“Mbona hukuwataja wanyama?”

“Mama, hawa ni watu wa ofisi. Tena wakija kukagua, tafadhali, siku hiyo hakuna kutambaa mlangoni. Waambie wazazi waingie kama watu.”

“Nitawaambia.”

Barua ikaja: afisa wa Mfuko atafika Alhamisi ajionee, ndipo uamuzi utolewe.

Hapa ndipo Bibi Sabuni alipoharibu, na aliharibu kwa moyo mmoja. Mwalimu akisikia mgeni anakuja hutoa kazi za watoto akazitundika. Yeye alikuwa mpiga deki wa hospitali, na mpiga deki akisikia mgeni anakuja anajua jambo moja tu. Jumatano wazazi walipokuja kuchukua watoto alikusudia kuwaambia habari ya mlango, lakini kichwa chake chote kilikuwa kwenye ndoo, akasahau. Mtoto wa mwisho hajafika barabarani, yeye kashajifunga kitambaa kichwani na maji yanachemka jikoni. Alisugua sakafu mara mbili. Alifua mkeka. Alitia vifungo na vifuniko ndani ya maboksi, maboksi akayapandisha kwenye rafu, na rafu yenyewe akaisimamisha wima kwa mara ya kwanza tangu ipigwe misumari.

Kisha akageukia ukuta. Kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno ulikuwa umejaa michoro ya watoto kwa mkaa na chaki: magari, jua lenye miguu, dobi mwenye pasi kubwa kuliko kichwa chake. Ilikuwa michoro ya miaka mitatu. Aliipitishia brashi yote, mpaka ukuta ukawa kama wa wodi mpya, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama, na Mungu amsamehe, akafurahi.

Alhamisi saa tano na nusu afisa akafika: mwanamke wa makamo, miwani, faili la kijani, na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri kiasi kwamba Bibi Sabuni alimpenda hapo hapo. Mapenzi hayo hayakurudishwa. Watoto walikuwa wamekaa mistari mitatu, mikono juu ya magoti, nywele zimelowa maji, wameambiwa wasiguse kitu. Chumba kilinuka dawa. Mtu angeweza kufanyiwa upasuaji mle.

“Hamjambo, watoto?”

“Hatujambo!” wakaitika kwa pamoja, kisha wakafunga midomo kama walivyoelekezwa asubuhi.

Afisa alitazama ukuta mtupu, akatazama rafu. “Na huwa wanafanya nini hapa?”

“Huwa…” Bibi Sabuni alitazama pembe za sakafu. “Huwa wanakaa.”

“Wanapata uchangamshi wa awali,” binti akaingilia. Alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aje amsaidie mama yake kuongea.

Afisa akaandika neno moja. Binti, ambaye dirishani kwake ofisini alizoea kusoma karatasi za watu kichwa chini miguu juu, aliona ni “tulivu”, na mbele yake alama ya kuuliza. Wakamwonyesha mgeni vikombe, wakamwonyesha choo, wakamwonyesha ratiba. Kila kitu kilikuwa safi na kila kitu kilikuwa kimekufa. Yule binti wa mlinzi, anayeongea hata usingizini, alikuwa amejishika midomo kwa vidole viwili asije akasahau.

“Mmeandika ushirikishwaji wa familia,” afisa akasema mwishowe, akipekua faili. “Neno zuri. Sasa huo ushirikishwaji uko wapi?”

“Uko kwenye ratiba,” binti akajibu.

“Kwenye ratiba nimeuona. Nauliza uko wapi.”

Bibi Sabuni alifumbua kinywa amwombe radhi kwa kumpotezea muda, na papo hapo mlango ukasukumwa. Ilikuwa saa sita na nusu kamili. Mlinzi wa benki, na sare yake na mkanda wake na buti zake, alikuwa amechuchumaa kizingitini, mikono ameitupa chini katikati ya miguu, macho ameyatoa.

“Krrooo,” akasema. Akaruka.

Hakumwona mgeni, alikuwa akimtazama mwanawe tu. Aliruka, akaruka tena, akaruka tena, na sakafu iliyosuguliwa mara mbili ikamtelezesha: mruko wa mwisho aliumaliza kwa makalio, mbele ya vile viatu vyeusi. Hapo ndipo alipoinua macho.

“Chura!” binti yake akapiga ukelele, na vidole vikatoka mdomoni. “Ni chura! Anaishi majini na nchi kavu! Anakula wadudu! Karuka mara saba!”

“Nane!” akadakia mwenzake.

“Saba! Ile ya mwisho kaanguka, haihesabiwi!”

“Kuanguka si kuruka pia?”

Mistari mitatu ikavunjika. Wote wamesimama, wote wanahesabu upya, kila mmoja na hesabu yake. Bibi Sabuni alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwani. Binti yake alitazama mlango kama mtu anayepima kama atapita. Mlinzi alikuwa bado sakafuni, hajui asimame apige saluti au aendelee kuwa chura.

“Saba na nusu,” akasema afisa wa Mfuko.

Watoto wote wakamgeukia.

“Nimehesabu,” akasema, akavua miwani. “Ile ya mwisho aliianza kwa kuruka, akaimaliza kwa kuteleza. Ni nusu.”

Halafu akaanza kucheka, na hakikuwa kicheko cha ofisini. Alijishika mbavu, akatafuta ukuta wa kuegemea. Hajamaliza, bibi mmoja muuza mayai akaingia akipiga mbawa kama kuku aliyetoka kutaga, wajukuu zake wawili wakamrukia. Nyuma yake muuguzi aliyetoka zamu akapita kama paka, taratibu, akijisugua kwenye mlango, na mwanawe wa miaka miwili, ambaye maneno yake yote yalikuwa hayajafika kumi, akasema “Paka! Maziwa!” akapigiwa makofi na chumba kizima.

Afisa alichuchumaa karibu na mlinzi. “Baba, hili unalifanya kila siku?”

“Isipokuwa Jumapili.” Mlinzi alisimama, akajikung’uta suruali, japo hapakuwa na chembe ya vumbi la kukung’uta. “Kazi yangu mimi, dada, ni kusimama na kutisha watu. Nilikuwa narudi nyumbani na uso ule ule. Mtoto akiniona anajificha nyuma ya mama yake, na mimi nadhani ndiyo heshima.” Akamwekea mwanawe mkono kichwani. “Sasa akiniona anapiga kelele. Hata nikichoka vipi, naruka.”

Afisa akairudisha miwani yake. Kisha akamgeukia Bibi Sabuni. “Na ukuta huu? Watoto hawa hawachori?”

Bibi Sabuni akakiri yote kwa pumzi moja. “Nimefuta, mdogo wangu. Ni jana tu. Ulikuwa umejaa mpaka hapa. Mimi nimezoea mgeni akija tunasugua. Nimewasugulia watoto wa watu miaka mitatu yote.”

“Gari langu lilikuwa hapa,” akasema mmoja wa wadogo, kidole juu ya weupe. “Lina matairi sita.”

“Na hapa jua langu!”

“Muongo, hapo ni nyumba yangu, jua lako lilikuwa juu yake!”

Ghafla wote wakawa ukutani, wanamweleza mgeni michoro isiyokuwepo, wanagombania mpaka kati ya gari la huyu na ng’ombe wa yule. Afisa aliufuata ukuta polepole kutoka pembe hadi pembe, anauliza, anaambiwa, anaandika. Ukurasa ukajaa, akafungua mwingine. Hata wazazi waliokuwa na haraka wakasahau haraka yao.

“Ulianzaje kazi hii?” alimuuliza Bibi Sabuni wakati chumba kilipokuwa kinapungua watu.

Bibi Sabuni alitazama mikono yake. Binti yake alikuwa nyuma, akiokota vifungo ambavyo tayari vilikuwa vimemwagwa.

“Nilikuwa na mtoto mmoja,” akasema. “Sina wa kumwachia. Nikawa naenda naye kazini tangu ana miaka miwili, namkalisha kwenye benchi la korido, namwambia kaa hapo, usiguse kitu, nimeshapiga deki. Miaka minne. Na hakugusa. Alikuwa mtoto mzuri kupita kiasi, na mimi sikuwahi kucheza naye hata siku moja. Sasa nilipowaona wale kwenye vikapu…”

Nyuma yake binti alikuwa akiokota kifungo kimoja, anakiweka chini, anakiokota tena.

Jibu lilichukua wiki tatu. Katika wiki tatu hizo Bibi Sabuni alisugua kila kitu isipokuwa ukuta, ambao watoto walikuwa wameshaurudishia magari yake. Simu ilipolia alikuwa mkekani, akiamua kesi ya kifungo cheusi kilichotaka kuoa mara ya tano. Alisikiliza, akasema “Ndiyo,” akasema “Ndiyo” tena. Ruzuku imekubaliwa. Miaka miwili, kodi, msaidizi, rangi na karatasi, na mafunzo kwa mwalimu.

“Mwalimu gani?” akauliza.

“Wewe,” afisa akamjibu.

Alipita duka la dobi mbio, magoti yanayomuuma kayasahau, akipiga vigelegele. Wanawake waliokuwa wakifua wakaacha mabomba yakimwagika, wakaitikia. Dobi, yule asiyependa kelele, akaigeuza mashine yake mpya kuwa ngoma na kuipiga kwa viganja. Habari zilifika mpaka kona, na inasemekana mlinzi alitabasamu akiwa zamuni, jambo lililowatia wateja wa benki wasiwasi mkubwa.

Jioni yake binti alikuja na fomu ya mwisho ya Mfuko. Walikaa mkekani, fomu juu ya boksi la viatu, binti akisoma na mama akijibu. Jina la mpango. Idadi ya watoto. Idadi ya familia.

“Mpango huu umeendeshwa kwa muda gani?”

“Miaka mitatu.”

Binti akaandika. Bibi Sabuni hakuwa amesoma sana, lakini tarakimu alizijua vizuri, akainama kutazama.

“Umekosea hapo. Umeweka ishirini na tisa.”

“Sijakosea.”

“Mwanangu, hii ni karatasi ya watu. Tutaonekana waongo.”

Binti akaweka kalamu chini. “Mama, ile korido ilikuwa na vigae arobaini na sita, kutoka kwenye benchi mpaka mlango wa maabara. Vyeupe ishirini na tatu, vya kijani ishirini na tatu. Nilikuwa nahesabu kila kimoja unavyokipita na deki. Naanza shule, najua kuhesabu mpaka mia, mwalimu anauliza nani kakufundisha. Na kila ukifika kigae cha mwisho, ulikuwa unachungulia kama msimamizi yupo, halafu unageuka unanitolea ulimi. Na mimi nakutolea wangu. Kila siku.”

“Mimi?”

“Wewe. Siku nyingine ulikuwa unacheza dansi na fagio, unalizungusha, unaliinamia kama bwana harusi. Nilikuwa nacheka mpaka nakaribia kuanguka kwenye benchi.” Akaisogeza fomu karibu na mama yake. “Umemwambia yule afisa hukuwahi kucheza na mimi. Umesahau tu, Mama. Mtoto wa kwanza wa mpango huu ni mimi.”

Bibi Sabuni alilia kwa sauti, na alilia kwa raha, mpaka dobi akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna msiba. Akaambiwa hakuna msiba, na atoe viatu vyake sakafuni. Kisha Bibi Sabuni akajifuta macho, akachukua kalamu, akasaini pale alipoonyeshwa, na fomu ikaenda Mfuko hivyo hivyo, na miaka yake ishirini na tisa.